Masisi: Telekomande iliyokufa, kondansateri ndogo na madini ya Rubaya

Telekomande ya radio ya zamani inapoacha kufanya kazi, wa kwanza kulaumiwa ni mabuye. Mwenye radio ananunua mapya sokoni, anayaweka, anabonyeza. Kimya. Anasogea hatua tatu mbele, anabonyeza tena. Kimya. Anapokaribia hadi mkono unagusa kioo cha radio ndipo sauti inapanda, mara moja tu, kisha inakataa tena. Siku chache baadaye mabuye yale mapya nayo yamekwisha, na mtu anaapa kwamba aliuziwa ya bandia.

Pengine kweli aliuziwa ya bandia. Sokoni mambo hayo yapo. Lakini fundi wa radio aliyezoea kazi yake huanza kwa kushuku kitu kingine: kondansateri moja, ndogo kama punje ya haragi, iliyofichwa ndani ya telekomande karibu na mahali mabuye yanapokaa. Kuibadilisha si kazi ya hata saa moja. Kuipata nyingine iliyo nzima, kwa mtu anayeishi katika teritware ya Masisi wakati huu, ndiyo kazi yenyewe. Na jambo hilo linashangaza ukikumbuka kwamba milima ya Rubaya, ndani ya teritware hiyohiyo, inatoa koltani ambayo sehemu kubwa yake huishia viwandani kutengenezwa kondansateri.

Kuna watakaouliza kwa nini mtu asumbuke na telekomande wakati radio ina vitufe vyake. Kwa radio ndogo ya mkononi swali hilo halina maana, kwa sababu haina telekomande. Lakini mashine kubwa za miaka ya 1980 na 1990, zile zenye kaseti, sahani na amplifikateri pamoja, ambazo ziliingia Kivu kama mali ya okazyo kutoka Ulaya na Dubai, nyingi zilitengenezwa kwa namna ambayo baadhi ya kazi zinapatikana kwenye telekomande peke yake. Kuna ambazo huwezi kuhifadhi kituo cha redio, kurekebisha saa au kubadilisha mlango wa sauti bila hiyo. Telekomande ikifa, mashine inabaki nusu. Na telekomande mpya ya mashine iliyotengenezwa miaka 35 iliyopita haiuzwi tena popote, isipokuwa kwa bahati.

Katika nyumba nyingi za Masisi mashine ya namna hiyo si pambo. Ndiyo inayopiga nyimbo kanisani siku ya Jumapili, ndiyo inayovuta wateja katika nganda, na mtandao wa simu unapokatika, ndiyo inayoleta habari za mji wa jirani. Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Fondation Hirondelle mnamo Februari 2002, husikika kwa Kiswahili na lugha nyingine nne, na kwa familia iliyogawanyika kati ya Goma, Sake na vijiji vya milimani, taarifa ya saa kumi na mbili asubuhi inaweza kuamua kama mtu atatoka nyumbani siku hiyo au hatatoka. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa na serikali ya Marekani yenyewe. Vituo vikipungua, mashine ya kuvikamata inazidi kuwa na thamani.

Pipa kando ya bomba

Telekomande haitumi sauti wala mawimbi ya redio. Inatuma mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, kutoka kwenye taa ndogo iliyo mbele yake. Taa hiyo inawaka na kuzima haraka sana: katika mashine nyingi za Japani ni kama mara 38,000 kwa sekunde, na katika zile za Philips 36,000. Mpangilio wa kuwaka na kuzima ndio unaoiambia radio kama umebonyeza kituo namba tatu au kuongeza sauti.

Telekomande za mwanzo hazikuwa hivyo. Ile ya Zenith iliyotoka Marekani mwaka 1956 haikuwa na betri hata moja: kitufe kilipiga nyundo ndogo kwenye fimbo ya aluminiamu, fimbo ikatoa mlio wa juu sana usiosikika na mtu, na televisheni ikausikia. Haikuwa na kondansateri ya kukauka. Mafundi wa leo wangeipenda.

Taa ya telekomande ya kisasa ni mlafi. Kila inapowaka inataka umeme mwingi, nusu ampea au zaidi, ingawa ni kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mabuye mawili madogo, hasa yaliyoanza kuchoka, hayawezi kutoa kiasi hicho kwa ghafla. Kondansateri ndiyo inayosaidia. Inafanya kazi kama pipa ambalo familia inaweka kando ya bomba lenye maji machache: bomba linadondosha taratibu mchana kutwa, pipa linajaa, na mtu akihitaji ndoo nzima kwa mara moja anachota kwenye pipa. Pipa likitoboka, kila mmoja anarudi kusubiri matone.

Na pipa hili hutoboka. Kondansateri ya kawaida ndani ya telekomande imetengenezwa kwa karatasi mbili nyembamba za aluminiamu zilizokunjwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa dawa maalum, kisha zikafungiwa ndani ya kikopo chenye kizibo cha mpira. Miaka inavyokwenda, kizibo kinalegea na dawa inakauka. Watengenezaji wenyewe huandika umri wake: nyingi zimeahidiwa saa 2,000 tu zikiwa kwenye joto la digrii 105, na kila joto linaposhuka digrii 10, umri unaongezeka karibu mara mbili. Baridi ya milima ya Masisi kwa hiyo ni rafiki. Unyevu wake ni adui, kwa sababu unakula vyuma vya mguso na njia za shaba kwenye kibao.

Kondansateri inapozeeka inaweza kufanya mojawapo ya mabaya mawili, au yote mawili. La kwanza ni kupoteza uwezo wa kuhifadhi, na hapo telekomande inafanya kazi ukiwa karibu tu. La pili ni kuvuja: umeme unapita ndani yake usiku na mchana hata telekomande ikiwa imelala mezani, na mabuye yanakwisha bila kutumiwa. Yule aliyelaumu muuzaji wa sokoni huenda alikuwa na ugonjwa huu wa pili.

Kabla ya kushika pasi ya kulehemu

Fundi mwenye busara hafungui kitu kabla ya kupima. Kipimo cha kwanza hakigharimu franka hata moja: simu yenye kamera. Unaelekeza mdomo wa telekomande kwenye kamera, unabonyeza, na unatazama kwenye kioo cha simu. Taa ikiwaka utaona doa jeupe au la rangi ya zambarau likipepesa. Kamera ya mbele, ile ya kujipiga picha, ni bora kwa kazi hii, kwa kuwa simu nyingi mpya zimezibwa kwenye kamera ya nyuma zisione mwanga huo. Ukiona doa lenye nguvu, shida haiko kwenye telekomande. Iko kwenye jicho la radio. Ukiona doa hafifu, kondansateri ni mshukiwa. Usipoona kitu kabisa, sababu zinaweza kuwa nyingi, na mara nyingi ni kutu.

Kutu husafishwa kwanza. Mabuye ya alkalini yakivuja huacha unga mweupe, na unga huo unayeyuka kwa tone la siki au maji ya ndimu, kisha unapangusa kwa kitambaa chenye spiriti na kuacha pakauke. Vitufe vya mpira vinavyokataa mmoja mmoja, huku vingine vikikubali, havihusiani na kondansateri. Hapo ni uchafu chini ya mpira. Telekomande nyingi zinazoletwa kwa fundi zingepona hapa, na fundi mwaminifu hulipisha usafi tu.

Ikiwa bado haijapona, kifuniko kinafunguliwa. Telekomande nyingi hazina skrubu zaidi ya moja au mbili. Zilizobaki zimeshikwa na meno ya plastiki, na plastiki ya miaka 30 huvunjika kama biskuti. Kadi ya simu iliyokwisha matumizi, ikipitishwa polepole kwenye mstari wa katikati, inafungua bila kuacha makovu. Bisibisi inaacha.

Kondansateri inaonekana mara moja: kikopo kidogo kilichosimama au kilicholazwa, chenye maandishi. Namba mbili ndizo za kusoma. Moja ni uwezo wake kwa maikrofaradi, ambao katika telekomande huwa mara nyingi kati ya 10 na 220. Nyingine ni volti, kama 6.3, 10 au 16. Uwezo wa ile mpya uwe uleule au karibu nao. Volti ziwe zilezile au zaidi, kamwe zisipungue. Kuweka ya volti 25 mahali pa ile ya 10 hakudhuru kitu, ila ukubwa: ikiwa ndefu, kifuniko hakitafunga, na hapo fundi anailaza ubavu kwa kukunja miguu yake.

Kondansateri hii ina upande wa kujumlisha na upande wa kutoa. Ikigeuzwa itavimba na kupasuka. Kwenye kikopo cha aluminiamu mstari uliochorwa ubavuni unaonyesha upande wa kutoa. Fundi hupiga picha ya kibao kabla ya kuitoa, kwa sababu maandishi kwenye vibao vya zamani hufutika, na kumbukumbu ya mtu anayeshughulikia mashine tano kwa siku haiaminiki.

Kuitoa ni kupasha moto mguu mmoja kwa sekunde mbili au tatu, kuuvuta kidogo, kisha mwingine, kwa zamu. Anayeng'ang'ania mguu mmoja kwa pasi yenye moto mkali anang'oa njia ya shaba pamoja nao, na telekomande iliyokuwa na ugonjwa mmoja inakuwa na miwili. Mafundi wengi wa vijijini hutumia pasi inayopashwa kwenye jiko la makaa, kwa kuwa umeme wa jua hautoshi kuendesha ile ya umeme mchana kutwa. Inawezekana, lakini inataka mkono mtulivu: chuma kikiwa chekundu, subiri.

Telekomande haina hatari kwa mtu. Volti 3 hazimuumi yeyote. Amplifikateri ni jambo jingine. Yule anayefurahia kufufua telekomande kisha akafungua amplifikateri ya kanisa inayonguruma kwa sababu kondansateri zake kubwa zimekauka, ajue kwamba ndani ya baadhi ya mashine hizo kuna umeme wa volti zaidi ya 300 ambao unabaki ndani ya kondansateri hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Huondolewa taratibu kwa rezista, si kwa kugusisha bisibisi. Asiyejua kupima asifungue.

Zile zenye mstari uliogeuzwa

Ndani ya amplifikateri na radio nzuri za miaka ya 1970 na 1980, fundi hukutana na aina nyingine: tone dogo la rangi, la bluu au la njano, lisilo na kikopo. Hiyo ni kondansateri ya tantali. Kwa hiyo desturi ni kinyume: mstari au alama ya kujumlisha iko upande wa kujumlisha. Aliyezoea aluminiamu akaiweka kwa mazoea ataiona ikitoa moshi. Tantali haina majimaji ya kukauka, inadumu miaka mingi, lakini inapokufa hufa kwa kufunga njia kabisa, na huvuta umeme wote hadi inaungua.

Hapa telekomande inakutana na Rubaya. Ni lazima kusema wazi, maana watu wengi wa Kivu huamini vingine: si kila kondansateri ina koltani. Ile ya telekomande ni ya aluminiamu karibu kila mara. Zile ndogo bapa zisizo na rangi, zinazojaa kwenye vibao vya leo, ni za kauri. Tantali hutumiwa pale ambapo nafasi ni ndogo na uaminifu unatakiwa, kama kwenye simu, kompyuta, vifaa vya hospitali, magari, ndege na silaha.

Metali hiyo iligunduliwa na Anders Gustaf Ekeberg wa Sweden mwaka 1802. Aliiita kwa jina la Tantalus wa hadithi za Wagiriki, aliyeadhibiwa kusimama ndani ya maji yaliyofika kidevuni bila kuweza kuyanywa. Ekeberg alikuwa na maana ya metali isiyokunywa asidi hata ikitumbukizwa ndani yake. Msomaji wa Masisi anaweza kuisoma hadithi hiyo kwa namna yake.

Miaka ya 1950 maabara ya Bell ya Marekani ilionyesha jinsi unga wa tantali unavyoweza kutengenezwa kondansateri ndogo na imara. Kwa miaka mingi hilo halikugusa Masisi. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipaa ghafla duniani, na vijana waliacha mashamba na ng'ombe wakapanda milimani na makoleo. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria inayodai makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka Congo na nchi jirani. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Kisha zikaja lebo za plastiki kwenye magunia, za kuthibitisha kwamba mawe yamechimbwa mahali pasipo na vita.

Mwisho wa Aprili 2024 waasi wa M23 waliichukua Rubaya. Septemba 2024 mkuu wa MONUSCO wa wakati ule, Bintou Keita, aliliambia Baraza la Usalama kwamba madini ya Rubaya ni zaidi ya asilimia 15 ya tantali yote ya dunia, na kwamba kundi hilo linapata kama dola 300,000 kwa mwezi kutokana nayo. Wataalam wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao iliyofuata, waliweka kiasi hicho kwenye dola 800,000 kwa mwezi, na kueleza jinsi koltani inavyovushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Rwanda imekuwa ikikanusha kunufaika na madini ya Congo. Wachimbaji wenyewe, ambao wanachimba kwa chepeo na kuosha mchanga kwenye vijito, hufunikwa na udongo karibu kila msimu wa mvua.

Hakuna hata sehemu moja ya safari ya jiwe hilo, baada ya kuoshwa, inayofanyika Masisi. Kusafisha tantali kunahitaji viwanda vya kemikali, na hivyo viko China, Kazakhstan, Ulaya na Marekani. Ndipo unga unakuwa kondansateri, kondansateri inaingia ndani ya simu, na simu inarudi Goma kuuzwa kwa dola.

Sanduku la vibao vilivyokufa

Fundi wa Masisi hanunui kondansateri kiwandani. Zamani aliagiza Goma, kilomita zaidi ya 70 za barabara mbovu kupitia Sake. Januari 2025 Masisi-centre ilibadilisha mikono zaidi ya mara moja ndani ya siku chache, na mwisho wa mwezi huo Goma yenyewe ikaanguka. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Pakiti ya vipande vidogo vya elektroniki si kitu ambacho mfanyabiashara anahangaika nacho wakati kama huo, hasa akijua kwamba njiani kuna vizuizi, na kila kizuizi kinataka chake.

Kwa hiyo kipande kinatoka kwenye sanduku la mizoga. Dekoda iliyopigwa na radi, chaja ya simu, redio ya gari, kibao cha televisheni iliyopasuka kioo: vyote vinahifadhiwa. Si kila kondansateri ya mzoga inafaa. Iliyovimba juu, hata kidogo, haifai. Iliyoloa chini, haifai. Ile iliyokaa karibu na chuma cha kupozea joto imezeeka kuliko majirani zake, hata ikionekana nzuri. Kutoka kwenye chaja, fundi anachagua za upande wa volti ndogo, si ile kubwa ya volti 400 ambayo haina kazi ndani ya telekomande.

Asiye na kipimo cha maikrofaradi anaweza kutumia multimetri ya kawaida yenye sindano: anagusa miguu, sindano inaruka kisha inarudi polepole. Ikiruka na kurudi hadi mwisho, ipo hai. Isiporuka, imekauka. Ikiruka na kubaki juu, inavuja, na itakula mabuye kama ile ya kwanza. Ili kulinganisha, fundi hupima kwanza moja anayoijua kuwa nzima, yenye uwezo uleule, na kutazama sindano inafika wapi.

Baada ya kulehemu, kibao kinapanguswa, mabuye yanawekwa kabla ya kufunga kifuniko, na kamera ya simu inaitwa tena. Doa linapowaka kwa nguvu, mteja anarudi nyuma hatua tano, sita, hadi mlangoni, na kubonyeza. Wenye mazoea mazuri huandika kwa kalamu, ndani ya kifuniko, tarehe na thamani ya kondansateri waliyoweka, kwa sababu ile iliyotoka kwenye mzoga wa dekoda nayo ina umri wake, na telekomande itarudi mezani.